Baba hataki vidonge vya fosforasi. Nimsagie kwenye chakula kwa siri?

*Shikamoo mama,*

*Naandika kuhusu baba yangu. Ana miaka 63, figo zake zilishindwa kwa sababu ya shinikizo la damu, na huu ni mwaka wa tatu anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Kwa upande wa mashine hana neno. Hakosi siku yake, maji anayapima, chumvi aliiacha bila kulazimishwa. Taabu yote iko kwenye vidonge vya fosforasi.*

*Ameandikiwa sevelama, dawa ya kupunguza fosforasi inayotoka kwenye chakula, ya miligramu 800, vidonge viwili kwa kila mlo, jumla sita kwa siku. Majibu ya mwezi uliopita yalionyesha fosforasi 2.4, mwezi wa kabla yake 2.3. Daktari alisema iko juu, akauliza kama dawa zinamezwa. Baba akajibu zinamezwa. Mimi nilikuwa pembeni nikanyamaza, sikutaka kumwaibisha. Lakini ukweli naujua: mwezi ukiisha, chupa bado ina zaidi ya nusu.*

*Nimemfuatilia nikaona hivi. Siku nyingine anameza vyote sita asubuhi kwa mkupuo, na chai tupu, ili "avimalize". Siku nyingine anavikumbuka usiku akiwa anapanda kitandani, anavimeza pamoja na dawa za presha. Siku za mashine hagusi hata kimoja, anasema mashine inamtoa uchafu wote, ya nini kujichosha. Na akijitahidi kuvimeza vizuri siku mbili tatu, tumbo linajaa, choo kinakuwa kigumu, anaviacha tena. Usiku anajikuna mgongo na miguu mpaka shuka linaingia damu.*

*Tumegombana, mama. Mimi ndiye ninayempikia na kumpeleka kliniki. Wiki iliyopita nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, naye akanijibu niache kumfanya mtoto mdogo. Anasema yeye haumwi popote na kuwashwa ni ngozi kavu tu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani amemwambia anatumia kalsiamu ya kutafuna na anaendelea vizuri, kwa hiyo sasa baba anataka nimnunulie hiyo.*

*Naomba unijibu. Nikivisaga vidonge vyake na kuvichanganya kwenye chakula bila yeye kujua, nitakuwa nimekosea? Nimnunulie hiyo kalsiamu? Na hiyo 2.4 kweli ni hatari wakati mwenyewe anajiona mzima?*

*Binti mwenye wasiwasi*

---

Marahaba, binti yangu.

Usivisage. Naanza na hilo kwa sababu ndilo unaloweza kulifanya leo jioni.

Kidonge cha sevelama kimetengenezwa kimezwe kizima. Kikikutana na maji kinavimba, ndiyo maana hakitafunwi wala hakivunjwi. Ipo sevelama ya unga, iliyotengenezwa makusudi ikorogwe kwenye maji na kunywewa ndani ya nusu saa, na kama shida ya baba ni ukubwa wa kidonge, hiyo ndiyo ya kumwulizia daktari. Lakini hata kingekuwa kidonge cha kusagika, bado ningekukataza. Baba ni mtu mzima mwenye akili zake, na mwili ni wake. Siku atakapogundua, na atagundua, hataishia kuitilia shaka dawa. Ataitilia shaka sahani unayomwekea mezani. Mgonjwa wa dayalisisi, yaani wa kusafishwa damu kwa mashine, hawezi kumudu kukiogopa chakula, kwa sababu anahitaji protini ya kutosha, kama gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, kuliko hata mgonjwa wa figo ambaye hajaanza mashine. Akianza kula nusu sahani kwa kukuhofia, fosforasi itashuka kweli, lakini misuli itashuka nayo.

Kuna na daktari. Yeye ameambiwa vidonge sita vinamezwa kila siku, na bado anaona 2.4. Kwa habari hiyo, hatua inayofuata ni kuongeza vidonge au kubadili dawa. Yaani baba anayeshindwa na sita ataandikiwa tisa. Ukivificha ndani ya chakula, siri zitakuwa mbili badala ya moja, na daktari atakuwa anatibu mgonjwa asiyekuwepo. Kinachotakiwa kwanza ni daktari ajue jinsi dawa inavyotumika kweli nyumbani, na anayefaa kumwambia ni baba mwenyewe. Nitalirudia hili mbele.

Sasa hiyo 2.4. Kwa mtu mwenye figo nzima, fosforasi kwenye damu huwa kati ya milimoli 0.8 na 1.45 kwa lita hivi, ikitofautiana kidogo kutoka maabara hadi maabara. Maabara nyingine hupima kwa miligramu kwa desilita, na huko kiwango cha kawaida ni 2.5 hadi 4.5. Ukiona siku moja majibu yameandikwa 7.4, usidhani imepanda mara tatu: ni ileile 2.4 kwa kipimo kingine. Kwa wagonjwa wa mashine, madaktari hujaribu kuisogeza karibu na kawaida, na wengi huridhika ikibaki chini ya 1.8 hivi. Kwa hiyo ya baba iko juu, na imekuwa juu miezi miwili mfululizo. Si jambo la kukimbizana hospitali usiku huu, lakini si la kuliacha mwaka mzima.

Baba anasema haumwi popote, na namwamini. Hapo ndipo ugumu wa fosforasi ulipo. Potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama ghafla. Maji yakizidi mtu anahema na miguu inavimba. Fosforasi haina haraka hiyo. Ikikaa juu muda mrefu, inazichochea tezi nne ndogo zilizo shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, zitoe homoni ya paratairoidi kwa wingi. Homoni hiyo inachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Mifupa inadhoofika, na wakati huohuo fosforasi na kalsiamu zinajipanga mahali pasipo pake: kwenye kuta za mishipa ya damu, kwenye vali za moyo, kwenye viungo, wakati mwingine kwenye ngozi. Mshipa unaogeuka mgumu hauumi. Mtu hujua siku moyo umeanza kuchoka au mfupa umevunjika kwa sababu ndogo.

Nitakuwa mkweli kwako pia kuhusu mipaka ya dawa hizi. Zinashusha fosforasi, hilo limethibitishwa vizuri. Wagonjwa wenye fosforasi ya juu sana hufariki zaidi kuliko wenzao, hilo nalo limeonekana katika tafiti nyingi. Lakini majaribio makubwa yanayolinganisha dawa hizi na kidonge kisicho na dawa, ili kuonyesha wazi kwamba zinarefusha maisha, hayajatupa uthibitisho huo. Ninakueleza hivi kwa sababu baba akisoma mahali habari ya namna hiyo, asidhani ulimdanganya. Madaktari wanaendelea kuzitumia kwa sababu madhara ya fosforasi kwenye mifupa, tezi na mishipa yanaeleweka. Nami kwa mgonjwa mwenye 2.4 na kuwashwa usiku, sina kigugumizi: inafaa ishuke.

Halafu hii imani kwamba mashine inatoa kila kitu. Nimeisikia kwa wagonjwa wengi, na siwalaumu, kwa sababu mtu anatoka kitandani akiwa mwepesi kilo mbili na anajisikia msafi. Fosforasi haitoki hivyo. Sehemu kubwa ya fosforasi ya mwili iko kwenye mifupa na ndani ya seli, na ni kidogo tu kinachozunguka kwenye damu. Mashine inasafisha kile kidogo cha kwenye damu mwanzoni mwa awamu, kisha inabaki kusubiri kingine kitoke ndani ya seli, nacho hutoka polepole. Awamu ikiisha, fosforasi iliyokuwa imejificha inarudi kwenye damu.

Piga hesabu naye mezani. Mtu anayekula vizuri huingiza kama miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku. Utumbo unafyonza takriban 600. Kwa wiki hiyo ni kama 4,200. Awamu moja ya saa nne inatoa takriban 800, kwa hiyo awamu tatu zinatoa kama 2,400. Zilizobaki, karibu 1,800 kila wiki, ziende wapi kama figo hazizitoi? Bila shaka namba hizi hubadilika kati ya mgonjwa na mgonjwa, na anayepata bado mkojo hutoa kidogo kwa njia hiyo. Lakini pengo lipo, na vidonge viliandikwa kwa ajili ya pengo hilo. Siku ya mashine baba anakula kama siku nyingine, kwa hiyo siku ya mashine vidonge vinamezwa na chakula kama siku nyingine. Kwa sababu hiyohiyo, asikubali kushushwa kwenye mashine kabla ya muda wake hata kama anajisikia vizuri. Kwa fosforasi, dakika za mwisho zina thamani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naamini ndilo kiini cha matatizo yenu, kuliko hata idadi ya vidonge.

Sevelama haifanyi kazi kwenye damu. Haifyonzwi kabisa. Inashuka tumboni, inakutana na fosforasi ya chakula alichokula mtu dakika hizohizo, inainasa, na vyote viwili vinatoka na choo. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Kwa hiyo vidonge sita vilivyomezwa asubuhi na chai tupu ni nyavu zilizotupwa nchi kavu. Vimepita, vimemjaza gesi, vimemfunga choo, na havikunasa chochote, kwa sababu hapakuwa na cha kunasa. Vile vya usiku wakati wa kulala ni hivyohivyo. Baba amekuwa akipata maudhi yote ya dawa bila faida yake, na mtu yeyote mwenye akili akipata maudhi bila faida ataacha. Hebu lione hivyo, hasira yako itapungua.

Dawa hizi zote za kunasa humezwa pamoja na chakula: mwanzoni mwa mlo au katikati yake. Akisahau na akakumbuka muda si mrefu baada ya kula, anaweza kumeza. Akikumbuka saa mbili baadaye, aache, na asiongeze mara mbili mlo unaofuata. Asipokula mlo, hamezi vidonge vya mlo huo. Wagonjwa wengi hawaambiwi hilo la mwisho waziwazi. Wanabaki na hatia kwa vidonge ambavyo hata havikutakiwa.

Na hapa kuna la kumwomba daktari. Cheti kinasema viwili, viwili, viwili. Je, baba anakula milo mitatu iliyo sawa? Wewe ndiye unayempikia, unajua. Kama asubuhi ni kitu chepesi, mchana cha wastani na jioni ndipo penye nyama au maharagwe, basi vidonge vifuate chakula: pengine kimoja asubuhi, au hata bila, na vitatu jioni. Jumla inaweza kubaki ileile au kupungua. Chukua siku tatu za kawaida, mojawapo iwe ya mashine, uandike alichokula na saa, na alichomeza na saa. Usimpambie wala usimchongee. Karatasi hiyo mpeni daktari au mtaalamu wa lishe wa kitengo chenu. Itamsaidia kuliko kuuliza "unameza?" na kujibiwa "nameza".

Kuhusu choo kigumu, usilichukulie kuwa udhaifu wa baba. Sevelama hufunga choo, hujaza gesi, huleta kichefuchefu, tena wakati mtu tayari amewekewa kikomo cha maji. Ushauri wa kawaida wa "kunywa maji mengi" haumfai, na akiufuata ataingia kwenye taabu nyingine. Daktari ana dawa za kulainisha choo zinazofaa kwa wagonjwa wa figo, laktulosi ikiwa mojawapo, na angeweza kumwandikia siku hiyohiyo kama angejua. Lakini nakuomba sana: usinunue dawa ya choo kwa kukisia. Dawa za choo zenye magnesiamu, na zile za kupitisha njia ya haja kubwa zenye fosfeti, si salama kwa mtu asiye na figo. Za fosfeti hasa, fikiria mwenyewe: unahangaika kuitoa fosforasi kwa vidonge huku unaiingiza kwa upande mwingine. Choo kikifungwa kwa siku nyingi, potasiamu nayo hupata nafasi ya kupanda, kwa hiyo hili si la kuvumilia kimya.

Kama baada ya kumeza kwa saa sahihi na kutibiwa choo bado sevelama haimfai, haijawa mwisho wa dunia. Ziko nyingine. Lanthanamu kaboneti hutafunwa mpaka isagike kabisa mdomoni, na idadi yake kwa siku huwa ndogo. Kuimeza nzima ni hatari kwa utumbo. Zipo zenye madini ya chuma: moja ya kutafuna na nyingine ya kumeza, zote hugeuza choo kuwa cheusi, jambo ambalo humtisha asiyeambiwa mapema. Tangu 2023 Marekani imeidhinisha pia tenapanori, ambayo hainasi fosforasi bali inapunguza inavyopenya kwenye ukuta wa utumbo. Huongezwa juu ya dawa nyingine pale zinaposhindwa au zisipovumilika, na yenyewe huleta kuharisha badala ya kufunga choo. Si zote zinapatikana kila mahali, na kila moja ina watu wasioruhusiwa kuitumia. Ninazitaja ili baba ajue kwamba anayo haki ya kusema "hii imenishinda" na kuuliza kuna nini kingine.

Sasa kalsiamu ya jirani wa kitanda. Jirani hajamdanganya. Kalsiamu kaboneti na kalsiamu aseteti ni dawa halali za kunasa fosforasi na zimetumika miaka mingi. Tofauti yake na sevelama ni kwamba sehemu ya kalsiamu hufyonzwa, inaingia kwenye damu. Kwa mgonjwa ambaye kalsiamu yake iko chini, hiyo ni faida. Kwa mwenye kalsiamu ya kutosha au ya juu, au ambaye mishipa yake imeanza kuwa migumu, ni mzigo, na mwongozo wa mwaka 2017 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unashauri kipimo cha kalsiamu ya namna hii kiwekewe kikomo. Daktari kuchagua sevelama kwa baba huenda kulitokana na hilohilo. Sijaona majibu yake ya kalsiamu wala ya homoni ya paratairoidi, na muuza duka hajayaona pia. Isitoshe, kaboneti inahitaji asidi ya tumbo ili ifanye kazi vizuri. Kama baba anatumia omeprazoli au dawa nyingine ya kukausha asidi, nguvu yake hupungua. Na kalsiamu nayo hufunga choo kwa baadhi ya watu.

Kwa hiyo usimnunulie. Mwachie aulize mwenyewe kliniki: "Kalsiamu yangu ni ngapi, na je, naweza kutumia kama mwenzangu?" Ni swali zuri. Mkiwa hapo, ulizeni pia kama anatumia vitamini D ya dawa, kwa sababu nayo huongeza ufyonzaji wa fosforasi, na mara nyingine daktari huipunguza fosforasi ikiwa juu.

Ukienda dukani kwa sababu nyingine, usichukue pia dawa za kiungulia zenye aluminiamu. Zamani hidroksidi ya aluminiamu ndiyo iliyokuwa dawa kuu ya kunasa fosforasi, na inanasa kweli. Ila aluminiamu ilijikusanya mwilini kwa wagonjwa wa mashine, ikawaharibu ubongo na mifupa. Ndiyo iliyowafanya madaktari watafute hizi za leo.

Jambo moja la saa ambalo husahaulika: vidonge hivi vinanasa na dawa nyingine pia. Baba akiandikiwa siprofloksasini, ambayo ni antibiotiki, au akiwa anatumia levothairoksini ya tezi, zisimezwe kwa mkupuo mmoja na sevelama. Kila moja ina nafasi yake ya saa kadhaa, na mfamasia atawapangia. Zile dawa za presha anazozimeza usiku zipelekeni zikaguliwe kwa jicho hilohilo.

Kwenye chakula nitakuwa mfupi, kwa sababu naona umeshajibebesha mengi. Usimnyime baba protini ili kushusha fosforasi. Anza na kisichomlisha: vyakula vya kiwandani vilivyotiwa fosfeti, kama nyama za kusindika, jibini laini la kupaka na soda nyeusi. Fosforasi ya viungo hivyo hufyonzwa karibu yote, wakati ile ya nyama na maziwa hufyonzwa zaidi ya nusu kidogo, na ya maharagwe na nafaka chini ya hapo. Kwenye lebo tafuta neno lenye "phos", au namba E338 hadi E341 na E450 hadi E452. Kuna wagonjwa wameshusha fosforasi bila kuongeza hata kidonge kimoja kwa kuacha vitu hivyo tu. Kuchemsha nyama na kumwaga maji yake nako hupunguza kiasi.

Kuwashwa kwake, baba anaweza kuwa na haki kwa nusu. Ngozi kavu ni sababu ya kweli kwa wagonjwa wa mashine, na mafuta mazito bila manukato, yapakwe mara baada ya kuoga, husaidia. Fosforasi na homoni ya paratairoidi ni sababu nyingine, na damu kutosafishwa vya kutosha ni nyingine. Zipo pia dawa za kuwashwa kwa wagonjwa wa figo ambazo kipimo chake lazima kipangwe na daktari. Shuka kuingia damu ni habari ya kumfikishia daktari, hasa kwa mtu mwenye fistula mkononi, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine, ambaye hatakiwi kupata maambukizi ya ngozi.

Nimebakiza baba mwenyewe, ambaye ndiye mwenye barua hii kuliko wewe.

Alipokuambia usimfanye mtoto mdogo, alikuwa anakueleza kinachomuuma. Mtu ambaye mashine inampangia siku, daktari anampangia maji, na binti anampangia sahani, amebakiwa na nini cha kukataa? Kidonge. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2009, nusu ya wagonjwa wa mashine walikuwa wanameza vidonge 19 au zaidi kwa siku, na karibu nusu ya mzigo huo ulikuwa ni dawa za kunasa fosforasi. Si mzigo mdogo. Mwombe radhi kwa yale maneno ya wiki iliyopita, peke yake, bila kuongeza neno "lakini", na siku hiyo usitaje vidonge kabisa.

Siku nyingine, akiwa ametulia na si siku ya mashine, muulize: "Baba, kati ya dawa zako zote, ipi inayokuchosha zaidi, na kwa nini?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho, hata akisema jambo ambalo unaona si sahihi. Akikwambia choo, umepata la kutibiwa. Akikwambia hazina faida, mweleze habari ya kunasa chakula tumboni na zile hesabu za wiki, maana hakuna aliyemweleza. Kisha mwombe aamue yeye: chupa ikae wapi mezani, aanze na mlo gani. Ningependa aanze na mlo mmoja tu kwa wiki hizi za mwanzo, ule mkubwa, na huo aushike bila kukosa. Vidonge vitatu vilivyokutana na chakula cha jioni vina kazi kuliko sita vya asubuhi na chai. Lakini mgao huo autie saini daktari kwanza, na hapo ndipo baba atakaposema mwenyewe, "Daktari, nilikuwa sivimezi inavyotakiwa, na sababu ni hii." Wewe kaa pembeni kama siku ile, safari hii ukijua kwamba mmekubaliana.

Mkishapanga upya, msitazamie majibu kesho. Subirini kipimo cha mwezi unaofuata, na angalieni kichukuliwe kabla ya mashine na siku ileile ya wiki kama cha nyuma. Kikichukuliwa baada ya ile mapumziko ndefu ya mwisho wa wiki, fosforasi huonekana juu zaidi, na baba anaweza kukata tamaa bure.

Wakati wote huu, baba akipata maumivu makali ya tumbo, tumbo likavimba likawa gumu, akatapika, au akakosa choo na hata hewa isipite, msisubiri siku ya kliniki. Vidonge visimame na aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu utumbo kuziba ni madhara ya nadra sana ya sevelama lakini yapo. Damu ikionekana kwenye choo, fanyeni hivyohivyo.